Kijana, Kabla Hujajiunga na Jeshi



Vijana wenzangu, kila KDF ikitangaza usajili, swali ni lile lile: niende ama nisiende? Kuna wanaowaambia jeshi si mahali pa Muislamu. Wengine wanasema kazi ni kazi, kimbilia. Mimi leo sikwambii nenda, wala sikwambii usiende. Nataka ukiamua, uamue ukijua.

Kwanza, nafasi ile ni haki yako. Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010 chataka usajili wa vyombo vya usalama wa taifa uwe na sura ya Wakenya wote, kwa uwiano wa haki. Kijana wa Lamu, Kwale au Garissa akisimama kwenye ule mstari, haombi sadaka. Na usajili ni bure. Mtu akimwambia mamako auze kiwanja ndio upate barua ya kuitwa, huyo ni tapeli. Hongo ni kosa kwa sheria, na kwetu ni haramu, mtoaji na mpokeaji.

Pili, ujue haki unazoingia nazo. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria impunguzie mwanajeshi haki kadhaa: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi. Uhuru wa dini, kifungu cha 32, haumo kwenye orodha hiyo. Swala yako huiachi getini. Lakini sauti yako ya barabarani huenda ukaiacha.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: utaamrishwa. KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde ilivamiwa, na wanajeshi wengi wakauawa. Walikuwa watoto wa watu, kama wewe. Tena tarehe 25 Juni 2024, vijana wa rika lako wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha, jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Bunge likaidhinisha kesho yake. Hebu jiulize: siku ile ungekuwa umevaa magwanda, ungefanya nini? Amri gani ungeitii, na gani ungeikataa? Jibu litafute sasa, ukiwa nyumbani, manake ukishashika bunduki huna wakati wa kufikiri.

Kwa hivyo usiende kwa sababu umechoka kukaa maskani tu. Mshahara peke yake hautakubeba. Kaa na wazazi. Mtafute mzee wa mtaani kwenu aliyestaafu jeshini, umuulize kuhusu Ramadhani kambini, kuhusu likizo, kuhusu wenzake waliozikwa. Kisha swali istikhara, uitazame niya yako.

Ukienda, usimuone aliyebaki kuwa muoga. Ukibaki, usimuite aliyeenda msaliti. Nyote ni wetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.