Kikulacho ki Jikoni Mwako



Katika mazungumzo yetu ya juma hili tutazame nishati na madhara yake. Uliza hapa Gungu ni nishati ipi inayoua zaidi. Hutakosa kutajiwa nyuklia, petroli au gesi ya mtungi.

Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1986 kinu cha Chernobyl kililipuka, dunia ikatetemeka. Mwezi Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka Morogoro na kuwaka moto huku watu wakichota petroli, zaidi ya 100 walifariki. Bwawa la Banqiao, huko China, lilipobomoka mwaka 1975, walikufa maelfu kwa maelfu.

Hata hivyo, wataalamu waliolinganisha vifo na kiasi cha umeme unaozalishwa wamepata jibu jingine. Kwa kila uniti bilioni moja, makaa ya mawe huua watu wapatao 25, na mafuta wapatao 18, wengi wao kwa moshi. Nguvu ya maji, hata ukiihesabu Banqiao, huua kama mtu mmoja. Nyuklia, upepo na jua havifikii hata mmoja. Mlipuko husikika siku moja. Moshi huua kila siku kimya kimya.

Kwetu Kigoma tumepiga hatua. Mwaka 2022 mkoa uliunganishwa na Gridi ya Taifa, tukaanza kuagana na majenereta ya dizeli. Ziwani nako, taa za betri na za jua zinachukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa. Lakini jikoni bado ni kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo zaidi ya 237,000. Anayeuvuta zaidi ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Tena mkaa hauishii kifuani. Mlima ukikatwa miti, mvua husomba udongo hadi ziwani na kufunika mazalia ya samaki.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema. Lakini mwananchi hununua mkaa wa kopo kwa fedha ya siku hiyo, ilhali mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Bila gesi kuuzwa kidogo kidogo, mtungi utabaki pambo la nyumba.

Wakati tunasubiri, tukaushe kuni, tuloweke maharage kabla ya kupika, tufungue madirisha. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu: hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haimwamshi.