MATOPE NA THELUJI: UTUNZAJI WA PLAU YA TREKTA
Mazungumzo kwa wakulima wa Rabai



Jina la Rabai limo katika habari za theluji tangu zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai kwenda bara, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita baridi tu, lakini Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji. Wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Rabai yenyewe haina theluji. Hata hivyo mwenye trekta wa nchi za baridi na mwenye trekta wa Rabai wana adui wa namna moja, yaani kitu kinachonata juu ya chuma mpaka chombo kikashindwa kazi.

Katika nchi kama Kanada, wakati wa baridi trekta hufungwa bapa pana la chuma ili kusukuma theluji barabarani. Bapa likitoka bandani lingali na joto, theluji inayoligusa huyeyuka kidogo, kisha maji yale huganda kuwa barafu chuma kinapopoa. Barafu hiyo nyembamba hushika theluji nyingine, nayo hushika nyingine, hata bapa likawa zito. Kwa hiyo watu wa huko huliacha bapa nje lipoe kabla ya kazi. Hulipaka nta au mafuta. Na kazi ikiisha hulikwangua. Shabaha yao ni moja tu, nayo ni kuzuia tabaka la kwanza.

Huku Rabai, mvua za mwaka zikianza, kila mtu ataka shamba lake lilimwe upesi apate kupanda mahindi na kunde. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hushika sahani za plau kama ugali ushikavyo mwiko. Sahani iliyojaa matope haikati udongo wala haiupindui, huuburura tu. Magurudumu huteleza, mafuta huteketea bure, na magugu hubaki hai. Mwenye shamba amelipa fedha za ekari nzima, amepata nusu ya kazi, na mvua haimngoji.

Hapa kwetu tabaka la kwanza ni kutu. Upepo wa bahari una chumvi, na sahani iliyolala na matope huota kutu upesi. Kutu hukifanya chuma kikwaruze kama msasa, nayo matope hupata mahali pa kushikilia. Sahani laini inayong'aa huyaachilia matope kwa urahisi zaidi.

Basi yafaa kufanya hivi. Kwanza, jioni matope yakwanguliwe yangali mabichi, kisha plau ioshwe na kukaushwa. Pili, sahani zipakwe grisi au oili safi. Mafuta hayo yatafutika asubuhi katika mitaro ya kwanza, lakini yatakuwa yamekwisha kufanya kazi yake, kwa kuwa sahani itaingia ardhini ikiwa laini. Oili chafu iliyotolewa katika injini isitumiwe, maana hudhuru ngozi na kuharibu udongo. Tatu, ikiwa plau ina vile vipande vya chuma vya kukwangulia matope sahani inapozunguka, vikazwe karibu na sahani bila kuigusa.

Nne, udongo upimwe kabla ya kulima. Chukua udongo wa kina kile plau inachofika, uuviringishe viganjani. Ukifanyika uzi mrefu usiokatika, ngoja; hakuna grisi itakayokusaidia siku hiyo. Ukivunjika-vunjika, lima.

Liko jambo kubwa kuliko yote hayo. Mtu asikwangue matope injini ikiwa inanguruma, wala asiingize mkono au mguu chini ya plau iliyoinuliwa. Plau iteremshwe mpaka chini, injini izimwe, ufunguo utolewe, ndipo kazi ya kusafisha ianze. Katika nchi za baridi wako watu waliopoteza vidole kwa kuchokoa theluji iliyoziba mashine ya kuirusha. Waliona ni kazi ya dakika moja tu. Plau ni nzito kuliko mashine nyingi za namna hiyo, nayo ikianguka haitoi onyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Grisi kidogo ya jioni ni nafuu kuliko sahani mpya, na sahani mpya ni nafuu kuliko msimu uliopotea. Mwenye trekta anao wajibu wa kuitunza plau yake. Naye mkulima anayekodi ana haki ya kuzitazama sahani kabla ya kutoa fedha zake. Akiziona zina kutu na matope makavu ya jana, na aombe zisafishwe kwanza, trekta ingali imesimama ukingoni mwa shamba.