Virusi vya UKIMWI Hutumia Mafundi Wetu



Malaria tunatibiwa tunapona, minyoo tunaitoa. Mbona virusi vya UKIMWI havimaliziki? Swali hili naulizwa kila mara, basi leo tulizungumze.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli mna protini za aina nyingi. Msifikirie protini ya maharage peke yake! Protini za seli ni mafundi: hii hubeba, ile hukata, nyingine huunganisha.

Kirusi si seli. Gawa milimita moja vipande 10,000. Kirusi cha UKIMWI ni kama kipande kimoja. Kina jeni 9 tu, yaani maagizo ya urithi, na sisi tunazo kama 20,000. Hakiwezi kujizalisha chenyewe. Huingia katika seli nyeupe ya damu, kikachanganya maagizo yake na ya seli, nayo seli ikayatii. Ni mgeni aliyekuja mikono mitupu, akalima kwa jembe lako.

Seli hutengeneza protini za kirusi. Hizo hukusanyika kwenye utando wa seli, 2,000 na zaidi kwa kirusi kimoja, zikausukuma nje kama chipukizi. Hapo kirusi hukwama. Shingo imeshikana na seli, na chenyewe hakina cha kuikatia. Basi huita mafundi wa seli. Mmoja anaitwa TSG101. Huyu huleta wenzake, wakaibana shingo mpaka ikakatika. Kirusi kimetoka! Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waliipunguza protini hiyo katika seli za maabara, na virusi vipya vikabaki vimening'inia.

Mtasema, basi tumzuie fundi huyo. La, haifai. Mafundi hao hao husaidia seli zetu kutengana zinapogawanyika.

Kwa hiyo dawa hulenga vifaa vya kirusi chenyewe. Kina mkasi wake wa kukatia protini zake ili kikomae. Tangu 1995 zipo dawa za kuuzuia: kirusi hutoka kichanga, hakiambukizi. Dolutegravir, wanayomeza wengi sasa, huzuia mapema zaidi, maagizo ya kirusi yasijiunge na ya seli.

Lakini baadhi ya seli zilizokwisha kuyapokea hulala kimya miaka mingi, na dawa haizifikii kazi yake. Mtu anaona ana nguvu, analima, anasema nimepona, anaacha vidonge. Seli zile huamka, mafundi huanza tena kukata shingo, na kwa kawaida baada ya wiki chache tu virusi huonekana tena katika damu.