Kebo Moja, Kazi Mbili: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kumlipa Fundi wa Mtandao

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi na wanakamati katika hamasisho la umma



Siku hizi shule, zahanati, makanisa, misikiti na vyama vya ushirika vinaweka kamera za usalama na vifaa vya waifai. Mara nyingi mahali panapofaa kamera, kama vile langoni au kwenye pembe ya paa, hapana soketi. Kupeleka umeme wa volti 240 hadi huko ni gharama, na kisheria ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Ndiyo maana mafundi wengi hupendekeza kebo ileile inayobeba mtandao ibebe na umeme.

Njia hiyo ni salama ikifanywa sawasawa. Swichi ya mtandao hutoa umeme wa aina ya betri, wa volti 44 hadi 57. Kabla ya kuutoa, hupima kwa volti chache kama kifaa cha upande wa pili kinaupokea. Isipopata jibu sahihi, haitoi kitu. Kwa hiyo kompyuta ya kawaida ikichomekwa hapo haiungui.

Faida yake huonekana zaidi umeme unapopotea. Betri moja ya akiba ikiunganishwa na swichi na ruta, kamera na waifai zote huendelea kufanya kazi hadi chaji iishe. Zahanati inayolindwa usiku haihitaji betri kwa kila kamera.

Hata hivyo, pesa za wazazi au za umma zinaweza kupotea bure kazi ikifanywa vibaya. Kamati iulize mambo matano.

Kwanza, kebo ni ya shaba tupu? Sokoni kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba. Bei yake ni nafuu, lakini hupitisha umeme vibaya na hupata joto. Kamera ya mbali huweza kufanya kazi mchana, kisha ikazimika usiku taa zake za kuonea gizani zinapowaka na kuhitaji umeme zaidi. Ncha ya waya ikwanguliwe kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, huenda ni alumini.

Pili, umbali ni mita ngapi? Kutoka kwa swichi hadi kwenye kifaa, kebo isizidi mita 100.

Tatu, wati zinatosha? Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na kifaa huhakikishiwa wati 12.95, kwa kuwa nyingine hupotea njiani. Kiwango cha 802.3at cha 2009 hutoa wati 30, na 802.3bt cha 2018 hufika wati 90. Lakini swichi ina kikomo chake cha jumla pia. Kwa mfano, swichi ya matundu 8 yenye wati 60 kwa jumla itaendesha kamera 6 za wati 9 kila moja. Ya saba haitapata umeme wa kutosha, ingawa tundu liko wazi.

Nne, umeme hutolewa kwa kiwango gani? Kuna vifaa vinavyotoa umeme bila kupima kwanza, mara nyingi wa volti 24. Vikiunganishwa na kifaa kisichokusudiwa, kinaweza kuungua. Namba ya kiwango, 802.3af, at au bt, iandikwe kwenye kotesheni.

Tano, radi je? Kebo inayotoka nje iwekewe kinga ya radi iliyounganishwa ardhini. Kati ya jengo na jengo, faiba ni salama zaidi, kwa sababu nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme.

Majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, na kebo ikaguliwe kabla ya kufungiwa ukutani. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika, kamati imtafute mwingine.