Kodi ya Jengo Hulipwa na Nani?



Katika sera zote za mijini nimechagua moja, kodi ya majengo, kwa sababu humgusa kila anayewasha taa Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba kodi hii imekuwa rahisi kukusanya kwa kuwa imeacha kuuliza maswali mawili: nani analipa, na fedha zinarudi wapi.

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye nyumba mjini ana haki ya kuitumia ardhi hiyo tu, ila jengo ni lake, na jengo ndilo linalotozwa. Sheria ya mwaka 1983 ilizipa mamlaka za miji uwezo wa kutoza kodi hiyo. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na mwaka 2021 ukaunganishwa na LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye 1,500.

Tuwe waadilifu: utaratibu wa zamani ulikuwa na kero zake. Nyumba nyingi hazikuwahi kuthaminiwa, ankara hazikufika, na waliolipa ni wale wale kila mwaka. LUKU imeondoa foleni na longolongo.

Lakini twendeni Manzese, kwenye nyumba yenye korido katikati, vyumba sita vya kupangisha na mita moja. Wapangaji huchangia umeme. Mwenye friji huongeza, mwenye taa na feni hupunguziwa. Mwanzoni mwa mwezi mmoja wao ananunua umeme wa 5,000. Ujumbe wa tokeni ukiingia, kodi imeshakatwa na uniti zimepungua. Kisheria, mlipaji ni mwenye nyumba, naye anaishi Mbagala. Mpangaji ana haki ya kumdai. Ila nani atamfuata mwenye nyumba kwa 1,500, wakati pango la miezi sita linakaribia kwisha na bei mpya haijatajwa? Ananyamaza, anachanga. Na nyumba hiyo inakatwa sawa na nyumba ya chini ya Masaki yenye bustani na geti la umeme.

Swali la pili linamgusa zaidi diwani. Mtaro ukiziba, wananchi humwendea mwenyekiti wa mtaa, naye humwendea diwani. Zamani mkazi aliweza kusema: kodi yangu mmechukua, mtaro uko wapi? Sasa fedha huenda Hazina na halmashauri husubiri mgao. Mkazi amebaki na mtu wa kumlalamikia asiyeshika fungu, na anayeshika fungu hamjui. Mkondo huu wa kuhamishia mamlaka serikali kuu tunaujua: halmashauri za miji zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huduma zilipozorota halmashauri zikarejeshwa mwaka 1978.

Sipendekezi turudi kwenye ankara za karatasi. Mita na ikusanye, ila mambo matatu yabadilike. Kwanza, mkataba wa pango uandike wazi kwamba makato ya kodi ya jengo yatapunguzwa kwenye pango linalofuata, na ofisi ya mtaa isimamie hilo. Pili, kiwango kifuate ukubwa wa jengo na mahali lilipo; hata makadirio ya jumla kwa kata yatakuwa na haki kuliko bei moja. Tatu, sehemu ya makusanyo itajwe kisheria kuwa ya mtaa yalikotoka, na kiasi chake kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa.

Hili la tatu ndilo kubwa. Mwenye nyumba atalipa bila kinyongo akiona mtaro wake umezibuliwa, na diwani hatakuwa na pa kujificha usipozibuliwa. Jiji linalotoza bila kuulizwa halina sababu ya kujirekebisha.