KUPANDA MLIMA WENYE THELUJI

Hotuba kwa Kikundi cha Vijana Wapenda Milima



Mmeniomba niwaeleze habari za siku ile, nilipokuwa masomoni Uingereza, niliyokwenda kupanda mlima wa Snowdon, ambao wenyeji wa Wales huuita Yr Wyddfa. Ndio mlima mrefu kupita yote katika nchi ya Wales, na urefu wake ni futi 3,560. Najua baadhi yenu mtacheka, kwa kuwa kilele cha Batian katika Mlima Kenya kina futi 17,057. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho ndicho chanzo cha hotuba yangu.

Ulikuwa mwezi wa Machi, baridi kuu ya mwaka inapokwisha. Mabondeni majani yalikuwa yameanza kuchipua, na wana-kondoo walikuwa wakirukaruka malishoni. Tulikuwa watu watatu: mzee mmoja mwenyeji wa huko, mwanafunzi mwenzangu, nami. Tuliondoka Pen-y-Pass saa tatu asubuhi, tukafuata njia iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya machimbo ya shaba. Njia ile ni pana, nayo hukata ziwa la Llyn Llydaw juu ya tuta la mawe lililojengwa mwaka 1853. Tulikwenda tukizungumza kama watu waendao sokoni.

Lakini yafaa mjue kwamba kila mtu apandapo futi 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 2 za Sentigredi, na upepo huzidisha baridi mwilini. Kwa hiyo huenda bondeni yakawa majira ya maua, na huku juu bado ni majira ya theluji. Tena theluji ya Machi ina hila yake. Mchana jua huiyeyusha kidogo, usiku huganda, na asubuhi huwa ngumu na yenye utelezi kama kioo.

Tulipofika ziwa la Glaslyn, karibu futi 2,000, njia ilikuwa imepotea chini ya theluji. Mbele yetu palikuwa na mteremko mkali sana, na kilele kilionekana juu yake. Mzee aliipiga theluji kwa kisigino cha kiatu chake, wala kisigino hakikuingia. Yeye alikuwa na kishoka cha barafu, na vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu. Sisi wawili hatukuwa navyo. Akasema, "Vijana wangu, hapa ndipo mwisho wa safari yetu leo."

Mwenzangu alinung'unika. Nami moyo uliniuma, maana nilikuwa nimekwisha kuwaandikia jamaa zangu nyumbani kwamba nitasimama kileleni. Nikamwambia, "Mzee, imebaki saa moja tu." Akanijibu, "Kupanda ni saa moja. Kuanguka ni dakika moja, nawe hutapata cha kujishikia."

Tukarudi. Hatujafika Llyn Llydaw, ukungu ukashuka, ukafunika kilele, na mteremko, na hata ziwa tulilotoka. Kama tungaliendelea, tungalikuwa katikati ya barafu ile, hatuoni mbele wala nyuma. Jioni nilimwandikia baba barua nyingine, nikamwambia kweli kwamba sikufika. Majibu yake yalikuwa mafupi: heri nusu shari kuliko shari kamili.

Basi, ninyi mtakaopanda milima yenye theluji, iwe huko au kwetu katika Mlima Kenya, shikeni mambo haya. Kwanza, mwambieni mtu njia mtakayopita na saa mtakayorudi. Pili, chukueni ramani, dira, taa, chakula na nguo kavu za kutia joto. Tatu, kateni shauri kabla ya kuondoka juu ya saa ya kugeuka, na saa hiyo ikifika mgeuke, hata kama kilele ki karibu. Nne, asiye na vyuma vya viatuni, au asiyejua kuvitumia, asikanyage mteremko wa barafu. Tano, mkipata ajali, pigeni filimbi mara sita katika dakika moja, nyamazeni dakika moja, kisha mpige tena. Jibu lake ni mapigo matatu.

Mwezi wa Julai wa mwaka uliofuata nilirudi Snowdon, nikafika kileleni. Mlima niliukuta pale pale.