Bombo ya koo inakula siku zetu tisa

Mazungumzo ya mwanamemba wetu, muganga wa kituo cha afya, mbele ya mkutano mkuu wa chama. Tumeyaandika jinsi alivyosema.

Mimi si mtu wa hotuba. Komite imeniomba niseme juu ya ile sanduku ya dawa za kumumunya ambayo wageni wetu walitutumia. Watu wanauliza itagawiwa lini. Na wengine wananiuliza kwa nini mimi, muganga, nilisema tungoje kwanza.

Ni zile za koo. Sisi tuliozoea Nyarugusu tulikuwa tunaziita pipi, hapa Baraka watu wanasema bombo. Kidonge cha kawaida unakimeza na maji, kinashuka tumboni, dawa inapita kwenye ini, kisha damu inaizungusha mwilini. Cha kumumunya kimetengenezwa kiyeyuke polepole ili mate yabebe dawa na kuipaka kooni. Ukikitafuna kama karanga, ama ukinywa chai palepale, umetupa dawa yako. Hizi zilizo ndani ya sanduku zina dawa mbili za kupunguza vijidudu vya juu juu: amilimetakresoli miligramu 0,6 na alikoholi ya diklorobenzili miligramu 1,2. Zinatuliza maumivu, basi.

Sisemi kumumunya dawa ni mchezo. Mgonjwa wa moyo anayebanwa kifua anaweka nitrogliserini chini ya ulimi, hapana kumeza, kwa sababu pale ngozi ni nyembamba na dawa inaingia damuni kwa dakika chache. Akiimeza, ini linaiharibu sehemu kubwa kabla haijafika moyoni. Na mtu mwenye utando mweupe wa kuvu mdomoni anaweza kuandikiwa klotrimazoli ya kumumunya, miligramu 10, mara 5 kwa siku, siku 14. Pale dawa inakutana na ugonjwa mahali ugonjwa unakaa. (Mkiona utando ule kwa mtu mkubwa, mwambieni apime pia virusi vya SIDA, bila kumnong'ona.)

Sasa koo. Koo nyingi zinaletwa na virusi: kamasi, kikohozi, sauti kukauka. Ile inaisha yenyewe, na bombo inasaidia mtu apate usingizi. Lakini iko ingine, ya bakteria wanaoitwa streptokoki. Inapenda watoto wa miaka 5 mpaka 15. Homa inapanda ghafla, kumeza kunauma, tezi za shingo zinavimba, mafindofindo yanakuwa mekundu na usaha, na mara nyingi hakuna kikohozi. Bombo haimalizi bakteria wale. Koo linaweza kupona lenyewe, mama akafurahi, na wiki mbili tatu baadaye maungio yanavimba na moyo unaanza kuumia. Ni rumatisme ya moyo.

Niwaambie ninavyoijua. Tuliporudi, kabla sijapata kazi kituoni, nilikuwa na meza ya dawa sokoni. Mama mmoja wa chama hiki alikuja na mtoto wake wa miaka 9, koo linamuuma, mwili moto. Nikamuuzia bombo. Akarudi wiki ileile, nikamuuzia tena. Toshi ilikuwa mfukoni mwangu, na sikumwambia mtoto afungue mdomo hata mara moja. Baadaye magoti yakavimba, jamaa wakaanza kutafuta nani amemroga. Leo kijana yule akipandisha kidumu cha maji toka ziwani anasimama mara tatu apumue. Anapigwa sindano ya benzatini penisilini kila wiki nne, kwa miaka mingi, na ni mfuko wetu unalipa. Mama yake ameniruhusu niseme. Anakaa pale nyuma. Hajanitukana hata siku moja, na hiyo njo inaniumiza.

Sindano ileile, moja tu, ingetosha wakati ule: yuniti 600 000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, yuniti 1 200 000 kwa anayezidi. Ama amoksisilini siku 10, bila kuacha siku ya tatu kwa sababu homa imeshuka. Na muda upo! Matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado yanaweza kukinga moyo. Bombo inakula siku zile tisa. Inatuliza, mama anangoja, inatuliza tena. Wengine wanatoka kwenye bombo na kwenda kukatisha mtoto kimeo, siku zingine zinapotea, na damu juu yake.

Ndiyo maana ninaiomba mkutano kitu kimoja. Kanuni ya mfuko wetu inarudisha pesa za dawa iliyonunuliwa, lakini hailipi kuonwa na muganga. Kwa hiyo mama mwenye faranka kidogo anaenda moja kwa moja farmasi, anarudi na kitu cha kumumunya na risiti. Tugeuze: mfuko ulipe kwanza mtoto aonwe. Na nyinyi wageni wetu, asanteni kwa sanduku, mlituma kwa moyo. Mara ingine thamani yake iingie katika kuonwa na katika penisilini.

Sanduku yenyewe iko kwa mama katibu. Wakubwa wenye koo waje wachukue. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe kabisa, inaweza kumkaba. (Msichanganye na zinki ya kuhara: ile ni ya watoto, na inayeyushwa katika kijiko.) Mwenye mtoto wa kuanzia hapo anayeumwa koo, asiende kwa katibu, aje naye kwangu kwanza. Niko kituoni kila siku asubuhi, toshi ninayo.